Trela Halirudishwi Nyuma na Mtu Mmoja



Mwanamume wa visiwani akipokea kiinua mgongo chake, majirani huwa wameshampangia matumizi kabla hajafika nyumbani. Wapo wanaosema atanunua daladala. Wapo wanaosema atamalizia ile nyumba ya shamba. Na wapo, tena hawa ndio wengi na ndio wenye sauti ya chini, wanaosema, "Ngojeni muone, mwaka hauishi ataoa." Kwetu halikutokea hata moja katika hayo. Kwetu lilinunuliwa trela.

Si trela la kubebea mchanga. Ni trela la kulalia. Ni sanduku la chuma juu ya magurudumu mawili makubwa, chini lina springi za gari la kazi, ubavuni lina jiko la gesi linalovutwa nje kama mtoto wa meza, lina tangi la maji la lita mia moja, na juu lina hema linalokunjuliwa na kupandwa kwa ngazi. Liliundwa kwenye gereji moja ya Dar es Salaam kwa mfano wa yale ya Afrika Kusini, ambako watu wamezoea kuvuta malazi yao kwenda nayo porini. Lilipoletwa Unguja na kuegeshwa uani, mashoga walilizunguka wakicheka mpaka wakafuta machozi. "Huyu ndiye mke mwenza wako," mmoja alisema. "Tena wa chuma. Hazeeki huyu."

Tunaandika wawili, mtu na mkewe, ingawa kalamu kaishika mke, na mume anapita nyuma ya kiti akisoma. Hija tulishajaaliwa, Alhamdulillah, watoto wameshaoa na kuolewa, na hatudaiwi. Tunayasema haya mapema ili isidhaniwe tunawafundisha watu israfu. Tunalotaka kulisema ni jengine. Tunasema kwamba mume na mke wasiianze safari kabla hawajakubaliana jambo moja: yeyote kati yao akisema "turudi", gari linasimama papo hapo na watu wanashauriana, bila ya ubishi na bila ya kununiana. Hili tumejifunza mkoani Katavi, ndani ya tope, na lilikaribia kutugharimu kitu ambacho hakinunuliki.

Kwa nini Katavi

Watu wa kwetu wakisema wanakwenda kutazama wanyama, mara nyingi wanakusudia Mikumi, au Serengeti ikiwa mambo yamekaa vizuri. Katavi wengi wetu tunaisikia kwenye taarifa ya habari tu. Ni mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kukatwa kutoka Rukwa, na makao makuu yake ni Mpanda, mji ambao reli inafika na kuishia hapo hapo. Reli hiyo ya kutoka Kaliua ilijengwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulififia, reli ikabaki, na mji ukaendelea kuishi.

Kusini ya Mpanda, mwendo wa kama kilomita 35, kuna Sitalike, na hapo ndipo yalipo makao ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, na ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 4,471. Ukichukua Unguja mbili ukaziweka ndani yake, bado itabaki nafasi. Pamoja na ukubwa huo, wageni wake ni wachache, kwa sababu iko mbali na kila kitu. Kwa watu wenye kitanda chao nyuma ya gari, tuliona huo umbali ndio uzuri wenyewe.

Tulivuka bahari kwa meli inayobeba magari, kisha tukashika njia ya Morogoro, Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora, Sikonge, halafu msitu mrefu wa miombo mpaka Mpanda. Zamani barabara ya Tabora hadi Mpanda ilikuwa ikisimuliwa kwa kupeana pole. Siku hizi ni lami. Hata hivyo tulitumia siku nne, kwa sababu trela halitaki haraka. Gari linalovuta trela huchelewa kusimama, na kwenye kona gurudumu la trela hupita ndani zaidi kuliko la gari, likakwangua chochote kilichopo. Tulisali kwa kufupisha na kukusanya, Adhuhuri pamoja na Alasiri, kivulini mwa gari, na tukamshukuru Mola kwa dini iliyomjali msafiri.

Kila tuliposimama, mke alikuwa na kazi yake: kuyagusa magurudumu ya trela katikati kwa kiganja. Yakiwa vuguvugu hakuna neno. Yakiunguza, beringi imekaza au haina grisi. Itigi la kushoto liliunguza. Mke alisema, "Hili si la kwenda nalo," na mume akazima gari bila ya swali. Fundi wa kando ya barabara alilifungua, akalisafisha, akalijaza grisi, akatuonyesha kwa kidole jinsi lilivyokuwa kavu kama unga. Kule lilikotengenezwa hawakulijaza. Tulipoteza saa tatu na tukaokoa gurudumu. Likumbukeni hili la Itigi, maana baadaye tulilisahau wenyewe.

Viboko, mbung'o na baibui jeusi

Tulifika mwishoni mwa Oktoba, kiangazi kikiwa kimekaza. Wakati huo Mto Katuma hupungua mpaka ukawa madimbwi, na viboko wote wa eneo hukusanyika katika maji yaliyobaki. Karibu na daraja la Ikuu tuliwaona wamelaliana kama magunia ya karafuu bandarini, mmoja akipiga miayo, mwengine akigombana, na mgongoni mwao ndege wamesimama kama wenye nyumba. Mamba nao hujificha kwenye mapango ya kingo za mto kusubiri mvua. Tulikaa kimya muda mrefu. Baada ya miaka mingi ya kuzungumza juu ya watoto, bei ya mchele na bomba lililokatika, tulikuwa na kitu cha kutazama pamoja bila ya kuhitaji kusema.

Usiku, juu ya trela, tulisikia kiboko akitafuna majani hatua chache kutoka kwenye ngazi. Askari wa hifadhi alikuwa ametuonya tusishuke gizani, na tusiweke matunda ndani ya hema kwa sababu tembo huyafuata kwa harufu. Tuliyaweka kwenye gari. Hatukushuka.

Dada zetu, neno moja la mavazi. Katavi ina mbung'o, wale wengine huwaita ndorobo, na hawana huruma. Mbung'o huvutwa na rangi nyeusi na ya buluu, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sasa fikirini mke wa Kiunguja aliyeshuka garini na baibui lake jeusi jipya. Mume alikuwa na kanzu ya rangi ya mchanga, hakuguswa. Mke alirudi garini kama aliyepigwa sindano za skuli zote kwa siku moja. Kesho yake alivaa dira la rangi ya majani makavu na mtandio wa rangi ya kahawia, na sitara ikabaki pale pale. Ukienda huko, acha nyeusi nyumbani.

Huko huko tulisimuliwa habari ya Katabi, mwindaji wa zamani ambaye jina la hifadhi linatokana naye. Inasemwa na wenyeji kwamba roho yake inakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na wapo wanaoacha sadaka chini ya mti huo kuomba kheri. Sisi maombi yetu tunayapeleka kwa Allah peke yake. Lakini hatukucheka. Tulichokiona katika kisa hicho ni adabu ya watu ambao hawaingii porini kwa kiburi, na sisi siku mbili baadaye tuliingia kwa kiburi.

Njia mbovu tuliyoitafuta wenyewe

Tulikuwa tumeshatoka hifadhini, tumerudi Mpanda, mke amenunua mchele, asali na migebuka mikavu ya Ziwa Tanganyika. Mama muuza samaki alimpimia huku akimwambia, "Mama wa pwani, leo utaonja samaki wa maji yasiyo na chumvi." Safari ingeweza kuishia hapo na ikawa nzuri. Lakini trela lilinunuliwa kwa ajili ya njia mbovu, na lami ilikuwa imetunyima njia mbovu. Kwa hiyo tuliitafuta. Tuliambiwa kuna kijiji nje ya hifadhi ambako asali inauzwa mzingani, kilomita kumi na kitu, njia ipo.

Njia ilikuwapo. Na mawingu yalikuwapo pia. Mvua za kwanza za huko huanza Novemba, na siku hiyo zilianza mbele yetu, mbali kidogo, kama pazia la kijivu.

Udongo wa mbuga za huko ni mweusi. Ukiwa mkavu unapasuka na kuwa mgumu kama sakafu. Ukinywa maji unageuka gundi: unajaza mistari ya tairi, tairi linakuwa mviringo laini wa tope, na hapo hata gari linalovuta kwa magurudumu yote manne linateleza kama sabuni. Mke alishuka, akachoma ardhi kwa kijiti. Kijiti kilizama.

"Mume wangu, turudi."

"Bibie, trela hili limetengenezwa kwa njia kama hii."

Mke alisema mara moja hiyo tu. Kisha akapanda garini, akafunga mkanda, akafunga na mdomo, akatazama dirishani. Baada ya mita mia tatu hivi gari lilivuka bonde dogo na trela halikuvuka. Lilizama mpaka kwenye ekseli, likainama upande wa kushoto, na mume alipozidisha mafuta likasukumwa pembeni likajikunja ubavu kwa ubavu na gari. Kisiki kikapasua bomba la tangi. Lita mia moja za maji zikaingia kwenye tope lile lile lililotuzamisha. Simu haikuwa na mtandao. Magharibi ikaingia.

Sasa tufike kwenye lililotutisha. Mume ana sukari na anadunga insulini. Jioni hiyo, kwa mazoea, alidunga wakati wake ulipofika, akijua chakula kitafuata. Lakini jiko lilikuwa upande wa kushoto, upande uliolala ndani ya tope. Badala ya kukaa akatafuta chochote cha kula, alichukua chepe akaanza kuchimba ili alivute nje. Alichimba kama mtu anayetaka kulipa deni. Mke alimmulikia tochi, bado amenuna.

Baada ya muda mke aliona chepe linapiga pale pale. Akamwita, akajibiwa maneno yasiyo na kichwa. Alimgusa shingo: jasho baridi, mwili unatetemeka. Sukari ilikuwa imeshuka. Kununa kuliisha hapo hapo. Kwenye mkoba wa mke kulikuwa na tende, zile ambazo mama wa Kizanzibari hatoki nazo kwa sababu maalumu, hutoka nazo tu. Alimlisha moja moja, kisha soda ya moto iliyokuwa chini ya kiti. Robo saa ile ilikuwa ndefu kuliko siku nne za barabara. Aliporudiwa na akili zake alisema, "Nimechoka kidogo." Mke akamwambia, "Umekaribia kuniacha mjane kwenye tope." Tulilala ndani ya gari, tumekaa, tumeshikana mikono kama watu waliooana juzi.

Alikoingia

Asubuhi walikuja vijana wawili wafugaji wa Kisukuma pamoja na mzee wao, na maksai wanne. Tulidhani watafunga mnyororo mbele na kutuvuta kwenda mbele. Mzee alilizunguka trela mara moja, akatikisa kichwa. Akasema lilikoingia ndiko litakakotokea. Akataka trela litenganishwe na gari, wakachimba nyuma ya magurudumu, wakatandika matawi, wakafunga maksai kwa nyuma. Halikuchukua hata nusu saa. Lilitoka kwa njia ile ile lililoingilia, likilia kama mlango mkongwe.

Tulipokuwa tunakunywa uji waliotuletea, mzee aliuliza kwa upole kabisa, "Hakuna aliyewaambia mrudi?"

Tulinyamaza. Kisha mume alisema, "Aliniambia mama."

Mzee hakusema neno. Aliendelea kunywa uji. Hakutaja bei, tulitoa tulichoona kinastahiki, na sukari na majani ya chai juu yake.

Siku hiyo, tukiwa njiani kurudi Mpanda, mume alitoa lililokuwa moyoni, na ametupa ruhusa tuliandike. Alisema hakuliogopa tope, wala hakuamini kwa dhati kwamba trela litapita. Aliogopa kurudi nyuma. Trela hurudi kinyume: ukikata usukani kulia, mkia unakwenda kushoto, na asiyejifunza huliona linajikunja kila akijaribu. Yeye alikuwa hajajifunza. Njia ilikuwa nyembamba, pa kugeuzia hapakuwapo, na ilimbidi arudi kinyumenyume mita nyingi mbele ya macho ya mkewe. Akaona bora aende mbele.

Hapo ndipo tulipoelewa. Ni mangapi katika nyumba zetu yanayoendelea kwenda mbele kwa sababu hii tu? Biashara imeshaonyesha hasara, lakini kuifunga ni aibu. Mkopo umeshakuwa mzito, lakini kukiri ni aibu. Posa imeshaonyesha dalili mbaya, lakini kadi zimeshagawiwa. Mtu hakosi kuona. Anaona vizuri, ila hajui namna ya kurudi nyuma mbele ya watu wake bila ya kuvunjika heshima.

Amiri na shauri

Tunajua watakaosema, safari lazima iwe na kiongozi, na mume ndiye kiongozi. Ni kweli. Tumefundishwa kwamba hata wasafiri watatu humteua mmoja wao awe amiri. Hatuupingi uongozi. Tunauliza tu kiongozi huyo anasikia kwa nani.

Tukumbuke safari ya Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijria, mwaka 628 kwa hesabu ya Miladia. Mtume (S.A.W.) na masahaba zake walitoka Madina kwenda kufanya umra, wakazuiwa, na mkataba ukaandikwa kwamba warudi mwaka huo bila ya kuingia Makka. Kurudi kuliwauma masahaba. Walipoamrishwa wachinje na wanyoe, hakuna aliyeinuka. Mtume (S.A.W.) aliingia kwa mkewe Ummu Salama (R.A.), aliyekuwa naye safarini, akamweleza. Yeye akamshauri atoke asiseme na mtu, achinje mnyama wake, amwite kinyozi wake anyolewe. Alifanya hivyo, na watu wote wakainuka. Huyo ni kiumbe bora, anayeteremshiwa wahyi, na katika siku nzito ya kurudi alilisikia shauri la mkewe na akalifanyia kazi mbele ya jeshi zima. Hakupungukiwa na chochote. Na mwaka uliofuata waliingia Makka wakafanya umra yao.

Basi sisi nani, wenye trela la gereji, tuone kurudi ni kushindwa?

Lakini dada zetu, tusimalize kwa kumlaumu mume peke yake. Mke naye ana sehemu yake, na kalamu hii iko mkononi mwake. Itigi alisema sababu: gurudumu linaunguza, hili hapa, guswa. Kwenye tope alisema neno moja, akakataliwa, akanuna. Tena tukiri kamili: ndani ya kimya kile alikuwa akisubiri gari likwame ili aonekane alikuwa na haki. Kununa si shauri. Ummu Salama (R.A.) hakusema "nilijua" na kugeuza uso, alitoa njia ya kufuata, hatua kwa hatua. Mke angeweza kusema, "Nashuka, nitasimama nyuma, nitakuelekeza kwa mikono, turudi polepole." Huenda hilo ndilo mume alilokuwa akilingoja bila ya kulijua.

Siku iliyofuata, mjini Mpanda, tuliomba nafasi kwenye uwanja mtupu. Tuliweka madumu mawili kuwa lango, tukajifunza kurudi nyuma asubuhi nzima. Mume ndani, mke nje. Mkono wa chini ya usukani unakwenda kule unakotaka mkia wa trela uende. Hiyo ndiyo siri, na inataka polepole. Aliye ndani haoni kilichoko nyuma ya trela hata akizungusha shingo namna gani. Aliye nje anaona kila kitu lakini hana usukani. Sheria tuliyoiweka ni moja: aliye ndani asipoiona mikono ya aliye nje, anasimama. Watoto walikusanyika kutucheka, kisha wakaanza kutupigia makofi. Mara ya kumi na moja trela lilipita katikati ya madumu.

Kwa wanaofikiria safari kama hii, tunaacha machache. Jifunzeni kurudi nyuma uwanjani kabla ya kwenda porini. Mwenye sukari asidunge kabla hajakiona chakula, na tende zikae mfukoni mwake, si kwenye mkoba wa mke peke yake. Maji yasiwe yote katika tangi moja. Dumu moja likae ndani ya gari. Mwambieni mtu mnakwenda wapi na mnarudi lini. Na wingu likiwa jeusi juu ya udongo mweusi, asali itapatikana sokoni.

Limebaki moja, na ndilo zito. Usiku ule ndani ya gari mke aliuliza swali ambalo hakuliuliza siku trela lilipoegeshwa uani. Siku ile sote tulicheka, na mke alishukuru kimoyomoyo kwamba lililoingia ni trela na si mwanamke. Kwa furaha hiyo alisahau kuuliza, "Kwa nini sikushauriwa?" Kiinua mgongo kilikuwa cha miaka thelathini na zaidi ya kazi ya mmoja, na cha miaka hiyo hiyo ya mwengine kuamka alfajiri kumpikia. Kama lingeingia jambo la kuumiza, lingeingia kwa mlango ule ule: bila ya shauri. Sisi wanawake tumezoea kushukuru kwamba halikuwa baya zaidi, na tunaacha mlango wazi.

Mume alikaa kimya, kisha akasema amekosa. Hakuongeza maelezo. Fedha zilizobaki sasa zinahesabiwa na watu wawili mezani, na mwakani, InshaAllah, tukijaaliwa uzima, tunakusudia kufika Karema kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kiangazi, kwa njia tutakayoichagua pamoja. Trela bado liko uani. Mashoga bado wanaliita mke mwenza. Mke hujibu kwamba huyu angalau, ukitaka kumrudisha nyuma, lazima uombe msaada wangu.

Allah atujaalie waume wanaosikia na wake wanaosema kwa wema, na azisalimishe safari zetu zote. Amin.

Wabillahi tawfiq.